Sanamu za Quito na Siri ya Mng'ao Wake

SWALI: Mhariri, nimeona picha za sanamu za Bikira Maria na watakatifu zilizomo katika makanisa ya kale ya Quito, Ekuador. Nyuso zinang'aa kama za watu hai, na mavazi yamejaa maua ya dhahabu. Je, zililetwa kutoka Hispania? Na mng'ao huo ulipatikanaje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, zipo zilizoletwa kwa meli kutoka Hispania, lakini zile zilizoupa mji huo sifa zilichongwa palepale Quito, nyingi kwa mikono ya wenyeji wa Andes na machotara. Katikati ya karne ya 16 Wafransisko walikuwa na chuo cha San Andrés, ambamo vijana wa wenyeji walifundishwa ufundi, na kufikia karne ya 18 karakana za Quito zilikuwa zikipeleka sanamu nchi za mbali. Kuziita za Kihispania tu ni kuwadhulumu mafundi hao.

Sanamu moja ilipita kwa mafundi kadhaa. Mti, aghalabu mwerezi, ukishachongwa ulipakwa gundi na tabaka za jasi, ukapigwa msasa hadi alama za patasi zikapotea. Kwenye vazi, fundi alipaka udongo mwekundu laini, akabandika dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, akaifunika yote kwa rangi, kisha akaikwangua rangi hiyo kwa kijiti chenye ncha kwa kufuata nakshi, na dhahabu ya chini ikachomoza: hayo ndiyo maua uliyoyaona. Ngozi ilipakwa rangi ya mafuta, ikasuguliwa kwa kibofu cha kondoo kilicholowanishwa hadi isibaki hata alama moja ya brashi. Macho yalikuwa ya kioo.

Mfano bora, kwa maoni yangu, ni Bikira aliyechongwa na Bernardo de Legarda mwaka 1734, aliyeko kwenye altare kuu ya kanisa la San Francisco. Ana mabawa, kama yule mwanamke wa Ufunuo sura ya 12, amemkanyaga nyoka aliyefungwa mnyororo, na mwili wake umejipinda hata utadhani anacheza ngoma. Ukifika Quito, ingia pia kanisa kuu ukaone kundi la waombolezaji wa Kristo, kazi ya Manuel Chili, mwenyeji aliyejulikana kwa jina la Caspicara.