Maswali yenu kuhusu kinaya

Safari hii maswali mengi yamehusu kinaya, yaani usemi au tukio ambalo kinachoonekana juu kinapingana na kilichopo chini.

Mdogo wangu yuko sekondari. Nikimwambia kinaya ni kusema kinyume cha unachomaanisha, ananijibu, "Kwa hiyo ni uongo." Nimweleze vipi?

Mdogo wako ana hoja nzuri, kwa sababu fasili hiyo kweli haitenganishi kinaya na uongo. Iweke kando kwanza. Mwambie afikirie mtu anaingia mlangoni ameloa chapachapa, viatu vinachuruzika maji, shati limemganda mwilini, halafu anasema: "Leo jua limetuwakia kweli kweli!" Sasa muulize: huyu anataka tuamini kwamba nje kuna jua? Hataki. Anajua kwamba tunamwona alivyoloa? Anajua.

Mwongo huuficha ukweli, na ukimgundua umemharibia. Mwenye kinaya huuacha ukweli wazi, na usipougundua ndipo unapomharibia. Kwa hiyo mambo mawili lazima yajulikane na pande zote: ukweli wenyewe, na kwamba msemaji naye anaujua. Mtu huyohuyo aliyeloa akipiga simu mbali na kumwambia mwenzake kwamba jua limewaka, maneno ni yaleyale ila kwa anayesikiliza huo ni uongo, maana hamwoni.

Ukimaliza hapo, mpe methali anayoijua tayari: shukrani ya punda ni mateke. Muulize shukrani iko wapi. Akicheka, ameelewa, na huna haja ya fasili tena. Mimi huanza na mfano siku zote, fasili huja baadaye kama bado inahitajika.

Kinaya na kejeli ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa hukutana mara nyingi. Kejeli ina mtu inayemlenga, inataka kumchoma. Ukimwambia aliyechelewa saa mbili, "Hongera kwa kuwahi," umetumia kinaya kufanya kejeli. Ukimwambia, "Wewe ni mvivu hata kivuli chako kimechoka," hiyo ni kejeli tupu, maana umemsema waziwazi. Na yule aliyeloa hakumchoma mtu yeyote.

Nilipoteza simu siku ileile niliyoinunua. Rafiki yangu anasema ni kinaya, mimi nasema ni mkosi. Nani yuko sahihi?

Wewe, na pole sana. Jambo baya kutokea wakati mbaya halitoshi. Kinaya cha tukio kinahitaji matokeo yapinduke dhidi ya kile hasa kilichotarajiwa au kilichokusudiwa. Kama ungeisahau simu hiyo kwenye teksi kwa sababu ulikuwa unakimbilia kuikatia bima ya wizi, rafiki yako angekuwa na haki.

Tazama yaliyompata Bobby Leach. Mwaka 1911 alishuka maporomoko ya Niagara ndani ya pipa akatoka hai, ingawa alivunjika mifupa. Mwaka 1926, akiwa New Zealand, aliteleza kwenye ganda la chungwa, jeraha la mguu likaoza, mguu ukakatwa, naye akafariki. Aliyeshindwa kuuawa na Niagara aliuawa na ganda la tunda. Hapo matarajio yetu yamegeuzwa juu chini.

Ila naomba tuwe waangalifu, kwa sababu kinaya huvutia kiasi cha kutufanya tuone ushahidi pasipo na ushahidi. Jim Fixx, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1977 kiliwahamasisha watu wengi kukimbia, alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa kwenye mazoezi ya kukimbia mwaka 1984, akiwa na miaka 52. Wapo waliorukia kusema kukimbia kunaua. Hawakutaja kwamba baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 35 na kufariki akiwa na 43, wala kwamba Fixx mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara kabla ya kuanza mazoezi. Kinaya kipo, lakini hakithibitishi chochote kuhusu mbio.

Mwalimu ametaja "kinaya cha kidrama". Ni kipi hicho?

Ni pale hadhira inapojua jambo ambalo mhusika jukwaani halijui. Mfano mkuu ni tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale kuhusu mfalme Oedipus. Mji una tauni, na itaondoka tu akipatikana aliyemuua mfalme wa zamani. Oedipus anasimama mbele ya watu na kumlaani muuaji huyo kwa ukali wote. Watazamaji wa Ugiriki waliijua hadithi kabla ya kuketi: muuaji ni Oedipus mwenyewe. Kila neno la laana linamrudia anayelitamka, naye hajui. Ukisoma tamthilia yoyote, jiulize nani anajua nini kwa wakati huo, nawe utakiona kinaya bila kusaidiwa.

Kwa mdomo watu hunielewa. Nikiandika ujumbe, wanakasirika. Kwa nini?

Kwa sababu unapoandika unaisikia sauti yako kichwani, msomaji haisikii. Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2005. Walioandika barua pepe walitarajia kueleweka karibu mara nane katika kumi, lakini wasomaji walipatia zaidi kidogo ya nusu, karibu sawa na kubahatisha. Tatizo ni la zamani: mwaka 1899 Mfaransa Alcanter de Brahm alipendekeza alama maalumu ya uakifishi ya kuonyesha kinaya, nayo haikushika. Emoji husaidia kiasi. Kwa mtu asiyekuzoea, au katika jambo lenye uchungu, andika unachomaanisha.

Mwanangu ana miaka minne, hakielewi kabisa. Nihofu?

Usihofu, mama. Watoto wengi huanza kushika kinaya rahisi wakiwa na miaka mitano au sita, na huendelea kujifunza kwa miaka mingi baada ya hapo. Akikuuliza, "Mbona umesema hivyo?" mwambie moja kwa moja ulichomaanisha, na usimcheke.