Usihamishe saa ya kuamka kabla hujahamisha saa ya kulala

Mkuu, nimesoma swali lako: usilipie hilo kundi la kuamshana alfajiri. Umesema unalala saa 7 usiku kwa sababu ya kuhariri video za harusi, na kuanzia Jumatatu unataka kuamka saa 10 alfajiri, usome, ufanye mazoezi, kisha uwashe pikipiki kutoka Chanika hadi mjini Dar. Piga hesabu mwenyewe: saa 7 mpaka saa 10 ni saa tatu. Ulale hizo tu, halafu uingie Barabara ya Nyerere kupishana na malori? Wanaokwambia kwenye majibu hapo juu "amka tu, mwili utazoea" wanakupoteza, na nimeshindwa kupita kimya kwa sababu maneno hayohayo ndiyo niliyolishwa mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu nianze kazi hii kichwa changu huchangamka baada ya saa 2 usiku. Wateja wameondoka, simu haiiti, barabara imetulia. Hapo ndipo nakata nguo bila kurudia vipimo. Asubuhi nilikuwa nafungua saa 4 na hakuna mteja aliyelalamika. Waliolalamika ni majirani. Mtaani kwetu ukikutwa umelala saa 2 asubuhi umeshakuwa mvivu, hata kama umezima mashine saa 8 usiku. Kila anayepita dirishani anakukumbusha kuwa biashara asubuhi, jioni mahesabu.

Ndipo akatokea mhamasishaji mmoja, jina lake naliacha, ana kundi la WhatsApp la kulipia kila mwezi. Saa 10 na nusu alfajiri anaita majina. Usipoandika "nimeamka" anakuumbua mbele ya kundi zima, tena kwa ujumbe wa sauti, ili hata wasiopenda kusoma wasikose. Alitwambia mwili hauna saa, saa iko akilini, na kwamba maskini ni mtu aliyelalia utajiri wake. Nikamwamini. Kazi za usiku sikuziacha, maana ndizo zilizokuwa zinalipa kodi ya fremu. Nilichopunguza ni usingizi.

Mwanzoni unajiona shujaa. Mji mzima umelala, wewe umeshafagia na kupiga pasi. Unasinzia kidogo mchana, unakunywa kahawa, unasema nimezoea. Hapo kwenye "nimezoea" ndipo palipo na mtego. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003: watu waliwekwa walale saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Mwisho wake, kwenye majaribio ya umakini, wakawa wanakosea kama watu waliokesha usiku mzima bila kufumba jicho. Na walipoulizwa, wakasema wanasikia usingizi kidogo tu. Saa 6 hizo, mkuu. Wewe unazungumzia 3.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nilipata kazi ya magauni ya wapambe wanane, lesi ya rangi ya pichi, ile yenye vishanga na maua yaliyoinuka upande mmoja. Mama wa bibi harusi alikuwa amenunua kitambaa mwenyewe Kariakoo na kunikabidhi kwa mikono miwili. Usiku nikamaliza kukata miili, nikalala saa 8 kasoro. Saa 10 na nusu nikaandika "nimeamka", nikapigiwa makofi ya emoji, nikaona nitumie huo muda wa dhahabu, ndivyo alivyokuwa akiuita, kukata mikono.

Kwa wasioshona: mkono wa gauni una mbele na nyuma. Mbele panachimbwa zaidi karibu na kwapa, nyuma panaachwa pana kidogo. Kwa hiyo kitambaa unakikunja uso kwa uso, ukipitisha mkasi mara moja unapata wa kulia na wa kushoto. Ni jambo la wiki ya kwanza kwa mwanafunzi. Mimi alfajiri ile sikukunja. Nilipanga vipande kimoja juu ya kingine, vyote uso juu, nikaweka patani, yaani karatasi ya umbo la mkono, nikachora kwa chaki, nikakata. Mkasi ulikuwa mkali, mkono haukutetemeka, na nakumbuka niliridhika kabisa na mstari ulivyonyooka. Hakuna kitu ndani yangu kilichonishtua.

Saa 3 akaja dogo ninayemfundisha kazi. Akaanza kubana mikono kwenye gauni la kwanza kwa pini. Akageuza, akageuza tena. Akaniuliza, "Fundi, ya kushoto umeiweka wapi?"

Haikuwepo. Mikono yote 16 ilikuwa ya kulia. Kuigeuza ndani nje haiwezekani, kwa sababu lesi ile upande wa pili ni nyuzi tupu, vishanga vingekwaruza ngozi ya mtu. Anayetaka kucheka acheke, ila akumbuke mkasi ninao bado. Nilikwenda Kariakoo nikiwa na kipande mkononi, duka kwa duka. Jora lile lilikuwa limeisha. Nikapata lingine, chini ya taa ya duka rangi ni ileile, tukalitoa juani likawa jekundu kuliko la kwanza. Huwezi kumweka mpambe mbele ya kamera na mwili wa rangi moja, mikono ya rangi nyingine. Ikabidi ninunue lesi mpya ya magauni yote manane, kwa pesa yangu, na harusi ilikuwa Jumamosi ileile.

Pesa hiyo niliipata kwa kuuza overloki, mashine yangu ya kufunga kingo za nguo zisichambuke. Magauni yalifika kwa wakati, ndiyo, lakini hadi leo kila nguo ninayoshona naipeleka kwa fundi wa pili ikapigwe overloki, namlipa kwa kila kipande, na akiwa na foleni yake nasubiri. Mama yule hakunifokea. Alilipa kilichobaki, akashukuru, na sare za kamati ya harusi ya mdogo wake bibi harusi akapeleka kwa mwingine. Ningependa angenifokea.

Nikamwandikia mhamasishaji. Unajua alijibu nini? Kwamba sikuwa na nidhamu ya kutosha, nijiunge na daraja la juu, ada yake mara mbili. Baadaye nikaambiwa na mtu wa karibu yake kwamba yule bwana akimaliza kuita majina anarudi kitandani mpaka saa 5. Mtu mwenye usingizi wake kamili anatuuzia sisi kukesha! Na ile kauli yake kwamba mwili hauna saa ni uongo mtupu. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2017 walipewa Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, kwa kuonyesha jinsi saa hiyo ya ndani inavyofanya kazi, wakianzia kwa vijinzi vya matunda. Ipo, na haifanani kwa kila mtu. Sehemu umerithi, sehemu ni umri: kijana huchelewa, mzee huwahi.

Wala si mambo ya Wazungu. Mwaka huohuo wa 2017 ulichapishwa utafiti wa Wahadzabe, hapa kwetu kandokando ya Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walifuatiliwa kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wengine wanaanza kulala mapema, wengine wanachelewa, na watafiti wakaona hivyo ndivyo kambi inavyopata mlinzi bila kumpanga mtu zamu. Pale anayechelewa kulala anafaa. Njoo naye mjini, ataitwa mzigo.

Najua mtaniletea mfano wa wanaoswali alfajiri na akina mama wa vitumbua. Jirani yangu anauza vitumbua, anaamka saa 9 usiku kila siku na namheshimu sana. Ila isha ikishaswaliwa, taa yake imezimwa. Watu wanasifu kuamka kwake, kulala kwake hakuna anayekutaja.

Kwa hiyo, mkuu: saa ya kuamka haiguswi mpaka saa ya kulala imehama. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Ukitaka saa 10 alfajiri, uwe umelala saa 3 usiku, tena umelala kweli, si kujilaza na simu. Kama leo unalala saa 7, sogeza robo saa, kaa hapo mpaka usingizi uje wenyewe, ndipo usogeze robo nyingine. Punguza taa na kioo cha kompyuta usiku, maana mwanga wa usiku ndio unaoichelewesha saa ya mwili. Mwanga wa asubuhi unairudisha. Toka nje jua likichomoza. Saa 10 Dar ni giza mwaka mzima, ukikaa ndani chini ya taa husaidiki. Kahawa, kwa kuwa umeiuliza, iishie mchana: nusu yake inaweza kuwa bado mwilini saa 5 baadaye.

Na zungumza na wateja wako wa video. Wengi watakubali wiki moja zaidi kuliko kupokea harusi iliyokatwa kichwa cha babu. Ukishindwa kabisa kuihamisha hiyo saa 7, amka saa 2 na usimwombe mtu radhi. Ukilazimika kutoka mapema siku usiyolala vya kutosha, panda daladala usinzie kwenye siti. Pikipiki Jumatatu hiyo ibaki ndani, na ufunguo mwachie mtu.