Shangazi, niuze ploti ya marehemu kijana aende yunivasiti?

*Shangazi habari. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Arua, Uganda, nauza dagaa sokoni. Mume wangu alifariki 2023. Kijana wangu wa kwanza amemaliza S6 (kidato cha sita), alisoma HEG, yaani historia, uchumi na jiografia, akapata pointi 11. Serikali haikumchukua lakini amepata nafasi ya kujilipia yunivasiti moja Kampala, kozi ya biashara. Ada ni milioni 1.4 kwa semesta, fankshono (michango ya chuo nje ya ada) laki 4, hosteli laki 9. Marehemu aliacha ploti yenye mizigo minne, yaani vyumba vya kupangisha, kila mmoja unaniletea elfu 80 kwa mwezi. Kijana anataka niuze, kuna mtu anatoa milioni 28. Ndugu za marehemu wanasema mzazi mzuri huuza hata shuka alilojifunika, na kaka yao mkubwa alisomeshwa mpaka Makerere ndiyo maana leo ni mtu. Nikisita kijana anasema nilimzaa bure, siku hizi hata chakula hali na mimi. Yule msichana yuko S3. Wa mwisho yuko P6. Shangazi, ni lazima mzazi alipie yunivasiti? Mama mwenye mawazo.*

Mama wa Arua, pole sana kwanza na msiba, manake umeutaja kwa mstari mmoja tu halafu ukakimbilia mambo ya sente, na 2023 si zamani hivyo.

Sasa nikwambie, barua yako nimeisoma mara tatu na hiyo mara ya tatu ndiyo nikasimama mahali ambapo mwanzo nilipapita. "Yule msichana yuko S3." Maneno manne! Kijana ana pointi zake humo, ana kozi, ana hosteli, mpaka chakula anachokataa kimeandikwa, lakini binti amepata maneno manne na wa P6 vilevile. Umeniuliza kama ni lazima mzazi kulipia yunivasiti, lakini mimi naona ndani ya barua kuna swali lingine ambalo hujaliandika, nalo ni hili, nichukue fizi za msichana nimpe kaka yake? Nisikilize kabla hujakasirika.

Hilo la "lazima" nalimaliza haraka. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 34, inasema mtoto ana haki ya elimu ya msingi na hilo ni jukumu la serikali pamoja na wazazi. Ya msingi. Na mtu akishavuka miaka 18 sheria ya watoto haimhesabu tena kuwa mtoto, kwa hiyo hakuna mahakama itakayokuita kwa sababu ya ada ya yunivasiti. Lakini pia mimi siko upande wa wale wazee wanaosema "S6 inatosha, mimi nilijitegemea" huku wanabadilisha gari na kujenga ghorofa la pili, hapana, mwenye nacho asomeshe mwanawe mpaka atakapofika, hiyo si hisani. Wewe siyo huyo. Wewe unauza dagaa.

Na huyo shemeji wa Makerere, banange! Hebu waulize vizuri alisoma mwaka gani. Kama ni kabla ya miaka ya 90, basi baba mkwe wako hakuuza hata kuku, manake zamani hizo aliyepita mtihani serikali ilimlipia ada, kitanda, chakula mpaka hela ya mfukoni. Mambo ya kujilipia pale Makerere yalianza miaka ya 90 mwanzoni, na leo serikali inachukua kama wanafunzi elfu nne hivi kwa mwaka kwa nchi nzima, na wengi ni wa sayansi. Kijana wako na pointi zake 11 kati ya 20 za HEG hajafeli, mwambie hivyo tena mwambie kwa sauti, ila huo mlango wa serikali ni mwembamba. Kwa hiyo wanaokwambia "sisi tulisomeshwa" wanakupimia kwa debe ambalo halipo tena sokoni. Na nimeona kitu kingine, katika hao ndugu wote wenye maneno hakuna aliyesema "mimi nitaleta laki mbili kila semesta". Shuka la kuuzwa ni lako tu.

Tuje kwenye hesabu, manake nimekaa na kalamu. Ada, fankshono na hosteli ni milioni 2.7 kwa semesta, mara semesta sita za miaka mitatu inafika milioni 16.2. Hujamlisha bado. Mpe elfu 10 tu kwa siku, ambayo kwa Kampala ni rolex (chapati ya mayai) asubuhi, posho na maharage mchana na nauli ya taxi siku mojamoja, kwa wiki 17 inakaribia milioni 1.2, mara sita ni kama milioni 7. Tuko 23 na kitu na sijagusa laptop wala fotokopi wala retake, yaani kulipia tena somo alilofeli, na retake zipo mama, usidanganywe. Kwenye ile milioni 28 unabaki na nne na kidogo. Halafu mizigo imekwenda. Laki 320 kila mwezi, yaani milioni 3.84 kwa mwaka, imekwenda, na hairudi hata kijana akivaa gauni la kuhitimu. Binti ndiyo kwanza S3, ana S4, S5 na S6 mbele yake, na yule wa P6 hajaanza hata sekondari. Watalipiwa na nini? Na dagaa? Mvua ikinyesha wiki mbili dagaa hawakauki wewe unajua kuliko mimi.

(Samahani, nimeandika laki 320, ni elfu 320. Kalamu imeshaona sente nyingi leo.)

Halafu kuna jambo hao mashemeji hawakulisema, labda hawalijui, labda wanalijua sana. Ploti umesema ni ya marehemu. Kama aliondoka bila kuandika wosia basi hiyo ni mali ya mirathi, na huwezi kuiuza kihalali kabla hujapata barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, safari ambayo huanzia ofisi ya Administrator General, ile ya serikali inayoangalia mali za marehemu. Sheria ya mirathi ilirekebishwa 2022, mjane anapata asilimia 20 na watoto asilimia 75 wanagawana sawa, wa kiume na wa kike. Unaona sasa? Binti wa maneno manne ana fungu kwenye mizigo hiyo sawasawa na kaka yake, na mdogo wa P6 pia. Kijana hakuombi uuze kitu chako, anaomba uuze vya wenzake wawili ambao hawajaulizwa. Na huyo mnunuzi wa milioni 28 akinunua kwa mjane asiye na karatasi, kesho kutwa ni kesi, na kwenye kesi atakayepanda na kushuka ni wewe.

Kwa hiyo ploti usiuze. Hapo sina "lakini".

Ila kumwambia kijana "siuzi" halafu ukanyamaza hapo pia utakuwa umekosea, manake yeye amesikia miaka sita "soma, soma, soma" na sasa amefika mlangoni anaambiwa mlango haupo. Mimi ningemkalisha na ile hesabu ya juu, aandike yeye kwa mkono wake, siyo wewe umsomee. Mwonyeshe kodi inaingia ngapi, fizi za wadogo zinatoka ngapi, dagaa wanaacha nini. Watoto wetu wengi hawana roho mbaya wallahi, ni kwamba hatujawahi kuwafungulia daftari, wanafikiri mama ana mahali anaficha. Halafu umwambie kiasi unachoweza bila kuuza kitu, hata kama ni laki 5 kwa semesta, useme namba na uishike. Kinachobaki ni chake kukitafuta.

Atakitafuta wapi? Kuna bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliyoanzishwa 2014, lakini nisikudanganye, mikopo hiyo inalenga zaidi kozi za sayansi na teknolojia, na hata anayeipata inamlipia ada na mambo ya shule, kulala na kula anajijua mwenyewe. Kwa mtu wa HEG anayetaka biashara nisingeweka matumaini yangu hapo, na akitokea mtu anakwambia lete laki 3 nikupitishie mkopo, funga mlango. Kitu ambacho nakishangaa ni Kampala hii. Hapo Arua mna Muni, yunivasiti ya serikali, kijana analala kitandani kwake anakula sahani yako, ile laki 9 ya hosteli na elfu 10 ya kila siku zinakufa hapohapo. Amekwenda kuuliza kozi gani zinamfaa, au Kampala ndiyo kozi yenyewe? Njia nyingine ni diploma ya miaka miwili karibu na nyumbani, kisha akifaulu vizuri aombe digrii kwa njia ya wenye diploma, na katikati anakuwa na karatasi ya kuombea kazi. Au aahirishe mwaka mmoja, aendeshe boda, au akusaidie dagaa zitoke Arua mpaka Koboko, aweke akiba. Mwaka mmoja haumzeeshi mtu. Atanuna, lakini njaa ina adabu yake, chakula atakula.

Mimi haya siyasomi kitabuni. Baba yangu aliuza ng'ombe wote wanne kwa ajili ya kaka yangu mkubwa, mimi nikatolewa S2 nikaambiwa subiri kaka amalize atakusomesha. Kaka alimaliza. Akapata kazi, akapata mke, akapata mambo yake, na simchukii, hakunikataa kwa mdomo, ni kwamba kila mwaka kulikuwa na kitu. Shule nilirudi nikiwa na watoto wawili, masomo ya jioni, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu. Baba alipokuwa mgonjwa aliniomba msamaha na nilimwambia yameisha, lakini mama, kuyasema yameisha na kuisha ni vitu viwili.

Basi siku ya kukaa na hilo daftari chagua Jumapili ambayo hujaenda sokoni, mashemeji usiwaite kwanza, na binti asitumwe dukani wala kuchemsha chai. Akae hapo mezani, aone namba na yeye, chai mimina wewe.