Re: Kuishi Dodoma bila gari inawezekana?

Mkuu umeuliza kama kijana anayeanza kazi Mtumba, kule mji wa serikali, anaweza kuishi Dom bila gari wala leseni. Inawezekana, mi nina miaka 26 sijawahi kushika usukani na bado nadunda. Ila usidanganyike ukasikia ni Dodoma tu pale ukadhani Mtumba ni karibu, ni kama kilomita 17 hivi toka mjini, boda kila siku itakumaliza mshahara kabla ya tarehe 15. Tafuta geto upande wa barabara ya Dar, Nzuguni au Ihumwa, daladala unazipata na kama una safari stendi kuu iko hapohapo Nanenane.

Shida ni usiku. Juzi nimetoka saa tatu, nimesimama kituoni upepo unanipiga vumbi mpaka kwenye meno, boda akataja bei nikacheka, akaondoa pikipiki, nikaanza kumkimbilia mwenyewe 😂

Dar siku hizi naenda na treni ya SGR, tangu 2024 imeturahisishia sana sisi tusio na usafiri. Beba sweta, mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi ya huku haina huruma.