Alama za mnara zimejaa, picha haipandi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mtwara mjini video hufunguka mara moja. Nikirudi kijijini Newala alama zimejaa, lakini jioni hata picha moja haiendi. Tatizo ni simu?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Alama hupima mawimbi kati ya simu na mnara tu. Hazionyeshi upana wa njia inayotoka mnarani kwenda mbele. Mjini minara mingi imeunganishwa kwa faiba, yaani nyaya za kioo zinazobeba data nyingi. Vijijini mingi hurushiana data hewani kwa sahani za mikrowevu (mawimbi ya redio), na vijiji kadhaa hugawana njia moja. Kuchimba mtaro wa faiba kilomita nyingi kwa wateja wachache hakulipi haraka, ndiyo maana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku. Hilo si kosa la wanakijiji, nao wanastahili huduma bora.

Tazama herufi kando ya alama. Ikiwa E, uko kwenye 2G, mtandao wa zamani wa polepole: fungua mipangilio ya mtandao wa simu, chagua 4G. Ikiwa tayari ni 4G, jaribu kutuma picha saa 11 alfajiri, kisha saa 2 usiku. Alfajiri ikikimbia, basi usiku njia imejaa, na antena ya nje haitasaidia. Andika saa na siku, ulalamike kwa kampuni yako. Wasipojibu, peleka TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano.