Ekskaveta inapoteza mawasiliano ikipata moto: kabla hujaagiza kontrola, pima waya

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi fundi umeme kwenye saiti ya barabara huku Singida. Tuna ekskaveta ya tani 20, asubuhi inawaka fresh inapiga kazi, ikifika saa tano hivi monita inaandika hakuna mawasiliano na injini, mzunguko unashuka unabaki sailensa (ule wa chini kabisa), hata ukiongeza mafuta haipandi. Ukizima ukakaa dakika 20 ukawasha inarudi. Skana inatoa SPN 639 FMI 9. Bosi ameambiwa kontrola ya injini (kompyuta yake) imekufa, anataka aagize. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwombe bosi asiagize kitu leo, akupe siku moja tu, maana mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilishawahi kushauri kontrola inunuliwe kwa dalili hizi hizi, ikaja, ikafungwa, na saa tano ya siku iliyofuata mashine ikazima vile vile. Tatizo lilikuwa boliti ya ethi iliyopigwa rangi chini yake. Iliniuma sana na mpaka leo sishauri mtu anunue kontrola kabla sijaona vipimo.

Sasa hiyo kodi (namba ya hitilafu) ya skana. SPN 639 ni mtandao wenyewe wa J1939, yaani zile waya mbili ambazo kontrola zote zinaongelea, na FMI 9 maana yake ujumbe hauji kwa muda unaotakiwa. Hapo haijasema kontrola ya injini imekufa! Imesema kuna mtu tumezoea kumsikia na sasa hatumsikii. Anaweza kuwa amekosa umeme, au njia imekatika katikati, au kuna mwingine anapiga kelele mpaka wenzake hawasikiki. Kwa hiyo kabla ya kushika prova za mita soma kodi za kila kontrola, siyo ya monita peke yake, uangalie nani analalamika na analalamikiwa nani. Kama kontrola ya pampu na monita wote wanasema hawamsikii injini, basi nenda upande wa injini. Kama kila mtu hamsikii mwenzake, shida iko kwenye njia kuu.

Anza na umeme. Mafundi wengi wanaruka hapa kwa sababu asubuhi mashine iliwaka, sasa wewe yako inasumbua ikipata moto, na fyuzi yenye miguu iliyolegea au rilei iliyochoka ndo tabia yake hiyo hiyo. Usipime volti kwa mita tupu, mita itakuonyesha 24 hata kama waya umebaki uzi mmoja. Chukua balbu ya volti 24 ya wati 21, ile ya indiketa ya lori, chomoa plagi ya kontrola ya injini, funga balbu kati ya pini ya chanya na pini ya ethi ya ile plagi (upande wa waya, na angalia namba za pini kwenye michoro usibahatishe, na usiingize kitu kinene kikapanua pini). Balbu iwake kwa nguvu na volti zisishuke sana. Halafu rudisha plagi, mashine ikiwa inaunguruma weka mita kati ya ethi ya kontrola na kichwa hasi cha betri, ikizidi nusu volti una ethi mbovu, fungua boliti zote za ethi ukwangue mpaka chuma king'ae.

Umeme ukiwa sawa njoo kwenye waya za CAN, yaani zile waya mbili za mtandao, mmoja unaitwa High na mwingine Low. Zima swichi kuu, subiri dakika chache kontrola zilale, kisha pima omu kati ya CAN High na CAN Low kwenye ile plagi ya duara ya pini 9 unapochomeka skana. Kwa mpangilio wa kawaida wa J1939 ni pini C na D, waya wa njano na wa kijani, ila Caterpillar wana mpangilio wao, CAN zao ziko F na G, kwa hiyo jua mashine yako kwanza. Unatakiwa usome omu 60, kwa sababu kila mwisho wa njia kuna resista ya omu 120 na mbili zikiwa sambamba zinatoa 60. Ukipata 120 basi resista moja haionekani, ama imetoka ama waya umekatika kati yako na yenyewe. Ukipata 40 kuna mtu kaongeza resista ya tatu. Ukikaribia sifuri waya mbili zimegusana.

Lakini yako ni ya kuja na kuondoka, ukipima asubuhi utakuta 60 safi utasema mtandao ni mzima, na hapo ndo watu wanapopotea. Pima mashine ikiwa imeshagoma, saa tano hiyo hiyo na joto lake. Zima swichi kuu kama mwanzo, acha mita kwenye omu, mtu mmoja aikodolee macho na wewe utembee na wairingi ukiitikisa kipande kwa kipande, hasa inapopita ukutani kuingia injini, chini ya kabini, na karibu na turbo. Namba ikiruka kutoka 60 kwenda 120 simama hapo hapo umeshampata.

Ukiwasha swichi bila kuwasha injini pima pia volti, kila waya kwa ethi. High isome juu kidogo ya 2.5, Low chini kidogo ya 2.5, jumla inakaribia 5. Mmoja ukisoma sifuri umegusa bodi, ukisoma karibu na za betri umegusa chanya. Hapo chomoa kontrola moja moja ukiangalia mita, ile ambayo ukiichomoa volti zinarudi ndo yenye kesi, ila kumbuka baadhi ya mashine resista ya mwisho imo ndani ya kontrola yenyewe, kwa hiyo ukiichomoa omu zinakuwa 120 na hiyo siyo hitilafu.

Na naomba uniangalizie kitu kimoja kwa makini: je kuna traka ya GPS imefungwa? Hizi traka za kusoma mafuta nyingi zinaungwa kwenye CAN kwa kuchuna waya na kuzungusha solotepu, joto likipanda gundi inaachia, waya unacheza, mtandao unaanguka. Ichomoe kabisa ufanye kazi siku nzima bila yenyewe. Uliza pia kama ndoo au boomu ilichomelewa hivi karibuni bila kutoa betri na plagi za kontrola, na kama wanaosha injini kwa maji ya presha, fungua konekta uone kama kuna ukijani kwenye pini.

Ukishapata sehemu iliyokatika usiunge kwa kusokota. Tumia kiungo cha kubana kwa koleo na mpira wa kusinyaa kwa joto, na zile waya mbili zirudi kusokotana mpaka karibu kabisa na kiungo, maana kule kusokotana ndo kunakozuia kelele za umeme za altaneta na koili za injekta kuingia kwenye ujumbe.

Nitumie omu ulizopata asubuhi na ulizopata ikiwa imegoma, na kodi za kontrola zote, nitakwambia uelekee wapi.