Kabla hujanunua vidonge

Mpwapwa

Mwanangu,

Mbukwa. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wenzako wa hosteli wanameza vitamini na vidonge vya kuongeza damu kwa ajili ya mitihani, nawe unauliza ununue vya aina gani. Kwanza, asubuhi unakula nini? Usinijibu chai na chapati, hilo nalijua.

Maana niliyo na ugomvi nayo ni hiyo chai. Ile ya rangi mnayoshushia maharage inazuia madini ya chuma, yanayojenga damu, yasiingie mwilini. Na chuma cha maharage na mchicha hakiingii kwa urahisi kama cha maini au dagaa, sasa ukikimwagia chai unabaki na nini? Subiri saa moja au mbili ndipo unywe. Kwenye chakula kunywa juisi ya ubuyu, ina vitamini C, inakisaidia kuingia. Na hapo Dodoma ubuyu utaukosaje?

Haya niliyasikia nikiwa na mimba yako. Nilikuwa nakula udongo wa kichuguu, naufunga kwenye pindo la kitenge, na bibi yako anasema mimba za ukoo wetu ndivyo zilivyo. Kliniki wakanitoboa kidole, na yule nesi akasoma kipimo cha damu kwa sauti, benchi zima linasikia: "Nane! Wewe mama, unatembeaje?" Wanawake wote wakageuka. Mpaka leo nikipita pale naharakisha. Lakini ni yeye aliyenieleza kwamba hamu ya udongo mara nyingi huja damu ikipungua, na kwamba udongo hauirudishi. Akanipa vidonge vya FEFO, yaani chuma na asidi ya foliki, akanikataza kuvimeza na chai. Choo kikawa cheusi kama masizi, nikashtuka, kumbe ni kawaida ya vidonge vyenyewe. Nilimchukia, na kila siku nikavimeza.

Ndiyo maana nasema, na baba yako ameshachoka kunisikia: damu hupimwa, haikisiwi. Anayelala saa tisa usiku akichoka si lazima awe na upungufu wa damu. Yaweza kuwa malaria, minyoo, damu nyingi ya mwezi, au usingizi tu. Mwanamke asiye na mimba akiwa na gramu 12 za hemoglobini kwa kila desilita ya damu kwenda juu, upungufu huo hana. Na chuma kikizidi mwili hauna njia ya kukitoa kirahisi. Vitamini A nayo hujilimbikiza kwenye ini.

Ila siku zako za mwezi nazikumbuka tangu kidato cha tatu, ulivyokuwa ukilala chini. Huenda wenzako wako sahihi na mimi mbishi tu. Huenda ningesema anza leo... Hapana. Damu hupimwa. Sisemi nunua, sisemi usinunue, ingawa ulimi unaniwasha.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi mlenda mkavu, karanga na ubuyu, kavichukue stendi. Ukishapima nitumie namba yenyewe, usiniandikie "niko poa mama".

Mama yako